Pistoni Haikukwama

Ansima mwanangu,

Ile pistoni ya tarumbeta haikukwama. Siku ile ya mtihani, wewe ukiwa umening'inia dirishani nje ya ukumbi wa parokia, haikukwama hata kidogo. Nilisema uongo. Tangu siku hiyo hakuna niliyemwambia: si bibi yako Koko, si mwalimu wetu Maître Gaspard, si padri katika kitubio. Wewe ndiye wa kwanza.

Nimeanza na hilo kwa sababu najijua. Ningeanza na salamu, ningezungukazunguka mpaka karatasi iishe, na kesho ungepanda basi bila kujua lolote. Sasa limeshaandikwa.

Wewe na Koko mmepanda Mururu kuwaaga ndugu zake, na mtarudi kabla ya giza, kwa hiyo nina alasiri hii tu. Nimekaa jikoni na mlango nimeufunga, ingawa nyumbani hakuna mtu. Mambo ya sweta, ya sabuni, na ya kukaa karibu na dirisha basi likiingia msituni ili usitapike, Koko ameshayasema, na kesho atayasema tena pale stendi ya Kamembe mbele ya watu wote mpaka uone haya. Mimi sina la kuongeza hapo.

Huko shuleni watakuuliza mama yako ni nani. Ukiwaambia ana miaka kumi na tisa na ametoka shule juzi, watacheka. Waache wacheke. Kwetu mtoto wa dada ni mtoto wako. Dada yangu Vumilia alipofariki ulikuwa hujaanza hata kukaa. Koko alikuwa anavuka daraja kila asubuhi kwenda kuuza nyanya Bukavu, kwa hiyo mgongo uliobaki ulikuwa wangu, na mimi mwenyewe nilikuwa bado mtoto wa shule ya msingi. Wenzangu waliniita Kamama, yaani kijimama. "Kamama, mutoto eko nakukojolea!" Na kweli ulikuwa unanikojolea. Sijawahi kuwa na jibu la papo hapo. Jibu langu huja kesho yake, nikiwa naosha vyombo, na linakuwa jibu zuri sana, ila aliyeuliza ameshakwenda zake.

Ndiyo maana niliipenda fanfari, ile bendi ya tarumbeta na ngoma ya parokia. Pale Cyangugu, kila Jumamosi, kila kitu kilikuwa kimeandikwa. Karatasi iko mbele yako, noti zimepangwa kama magunia ghalani, hakuna anayekuuliza kitu. Maître Gaspard alinipa tarumbeta akasema, "Muntu anayenyamaza sana, pumzi yake iko mingi." Nilisimama nyuma ya yule kijana mnene wa ngoma kubwa, nikapiga nyimbo za kanisa, na hakuna aliyeniona. Sikuhitaji zaidi ya hapo.

Kisha Maître akaleta jazi.

Unamjua Maître: meno mawili ya mbele hayapo, hawezi tena kupuliza, anatuimbia noti kwa mdomo huku mate yanaruka. Lakini zamani alipiga saksafoni katika hoteli za Bujumbura na Bukavu, na hajawahi kutuacha tusahau. Siku ile alikuja na redio ya kaseti, akaiweka juu ya benchi, akatusikilizisha. Akasema watu wa huku wanafikiri jazi ni orkesta yoyote iliyojiandika Jazz ubaoni.

"Hapana. Jazi ni hivi. Muziki iko nakwenda, iko nakwenda, inafika pahali, banakugeukia banakuambia: sasa weye. Sema. Na karatasi haiko."

Karatasi haiko.

Alitupa noti tatu. "Tatu tu. Usiniletee kikapo yote. Ongea nazo." Wenzangu walijaribu mmoja mmoja, wakakosea, wakacheka, wakajaribu tena. Zamu yangu ilipofika niliishusha tarumbeta nikaangalia viatu vyangu. Maître alingoja, akakuna kidevu, akasema, "Bon. Juma ijayo."

Juma lile lote nilitunga. Nikiteka maji nilitunga, nikikubembeleza ulale nilitunga. Noti moja baada ya nyingine, mpaka solo nzima ikakaa kichwani kama sala. Jumamosi nikaipiga kana kwamba imenijia palepale. Maître aliruka. "Voilà! Muntu alikuwa ndani, alikuwa tu nalala!"

Tangu siku hiyo nilifanya hivyo kila juma. Nilijifunza hata kusita. Unajua namna mpigaji anavyofumba macho kidogo, kama anatafuta? Nilikuwa nimeshapanga mahali pa kufumba macho. Nilikuwa nimepanga hadi noti ya kukosea, na noti ya kuirekebisha. Watu wa parokia wakaanza kusema, Odette ana kipaji, Odette anabuni kama anayepumua. Na kadiri walivyosema hivyo ndivyo nilivyozidi kuogopa, kwa sababu mtu anayesifiwa kwa kitu asichokuwa nacho hawezi tena kuomba afundishwe.

Sasa kumbuka harusi ya Nyakarenzo, tulipokwenda kumposea binamu yetu Patrick. Ulikuwa mdogo, lakini najua unaikumbuka kwa sababu ya maandazi. Fanfari ilialikwa, na Maître alikataa tukae nje na vyombo. Alituingiza ndani tusikilize gusaba, yale majibizano ya kuomba binti. "Bale bazee babili," akaninong'oneza, "beko nacheza jazi bila tarumbeta. Sikiliza."

Msemaji wetu alikuwa mjomba, Tonton Byamungu. Juma zima alikuwa anakariri hotuba yake huku akinyoa ndevu, na Koko alikuwa anaitikia kutoka jikoni. Upande wa pili alisimama mzee mmoja mwembamba wa ukoo wa binti, mwenye fimbo na macho ya mzaha. Unajua desturi: wanajifanya hawatujui, hawajamsikia Patrick, hata binti hawana. Yule mzee akasikiliza salamu zote za Tonton, akainamisha kichwa kwa huzuni, akasema:

"Binti huyo? Lo, mmechelewa. Amekwenda utawani. Masista wamemchukua jana."

Na Tonton, kwa kuwa hotuba yake ilikuwa imefika hapo, akanyoosha mikono akasema kwa sauti kubwa, "Tunawashukuru sana kwa kutupatia!"

Ansima, watu walianguka. Kikongwe mmoja alimwaga maziwa. Upande wao wakapiga kelele kwamba tulipe faini ya bia kwa kuwashukuru watu kwa msiba wao. Mimi sikucheka. Nilijificha nyuma ya tarumbeta, nikahisi aibu ya Tonton ikipanda shingoni mwangu mwenyewe, kwa sababu nilijua alichofanya. Alikuwa anajibu kitu ambacho hakuna aliyekisema.

Tonton aliishusha mikono yake. Wale wazee hawakumsaidia, lakini pia hawakumkimbiza. Walingoja. Yule mwembamba aliegemea fimbo yake akangoja kama mtu mwenye siku nzima. Tonton akatoa kitambaa, akafuta uso, akatazama makreti tuliyoyapandisha mlimani, kisha akasema polepole:

"Basi tuelekezeni kwenye hiyo nyumba ya masista. Tumebeba bia mlima mzima, na masista nao wana kiu."

Nyumba ilipiga makofi. Yule mzee mwembamba alicheka mpaka akakaa. Maître akanipiga kiwiko ubavuni. "Unasikia? Ile ya kwanza ilikuwa kukariri. Sasa ndio ameanza kucheza."

Nilisikia. Sikuelewa.

Kisha wakaja wale wageni wa shule ya muziki, ile ya ng'ambo ya msitu, kutafuta watoto. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Maître aliandika jina langu kabla ya mengine yote. Walikuwa bwana mmoja asiyesema sana na yule Madame wa kinanda, uliyemwona tena mwaka huu. Wewe ulikataa kubaki nyumbani, ukapanda juu ya tofali pale nje, ukashika nondo za dirisha.

Nilipiga solo yangu. Ilikuwa bora kuliko zote nilizowahi kutunga. Madame alinifuata kwa kinanda, akatabasamu, akasema, "Vizuri. Sasa tupige tena, lakini mimi nitapita njia nyingine. Nifuate."

Alibadilisha kila kitu chini yangu. Alikuwa ananichokoza kwa upole, kama yule mzee aliyesema binti amekwenda utawani. Nami nikapiga solo ileile. Noti kwa noti, Ansima. Nilifumba macho palepale. Nikakosea noti ileile, nikairekebisha vilevile. Katikati nilisikia kinanda kimenyamaza, lakini sikujua la kufanya ila kuendelea, kwa hiyo niliendelea peke yangu mpaka mwisho, macho yamefumbwa.

Nilipofumbua macho Madame alikuwa ananitazama. Hakuwa amekasirika. Mikono yake ilikuwa bado juu ya kinanda. Leo najua alikuwa anangoja, kama walivyomngoja Tonton. Alikuwa ananiachia nafasi. Noti moja ya kweli ingetosha, hata mbaya.

Niliangalia chini, kwenye kidole changu cha katikati, nikasema, "Pistoni ya pili imekwama."

Nawe ukaita kutoka dirishani, "Imekwama, Mama Mudogo?"

"Imekwama," nikasema.

Ukalia kwa niaba yangu. Uliteremka kwenye lile tofali ukalia mpaka nyumbani, na mimi nilikushika mkono tu.

Yaliyofuata unayajua. Koko alisimulia soko lote la Kamembe, na ng'ambo pia. "Mutoto wangu alikuwa nacheza sawa malaika, mara ile kintu ikamufunga!" Hadi leo kila asubuhi anaiombea pistoni katika rozari, anaitia kati ya wagonjwa na wasafiri. Wakati fulani aliipaka maji ya baraka na Maître akakasirika kwamba atatuletea kutu. Maître mwenyewe aliifungua tarumbeta mezani, akatoa pistoni zote tatu, akazifuta, akazipaka mafuta, akaziinua juu kwenye mwanga. Alirudia na kurudia. Mwisho akasema, "Hii pistoni ni nzima kuliko miye." Akanitazama. Nikatazama ziwa. Hakusema zaidi, na tangu siku ile hakuniomba tena nipige solo. Nadhani anajua. Sijawahi kuwa na ujasiri wa kumuuliza.

Nami nikakuachia wewe tarumbeta. Nilisema nina masomo mengi.

Ningeweza kuishi na uongo huo, mwanangu, kama ungebaki kwangu peke yangu. Lakini uliuokota. Nilikuona ukiipaka mafuta ile ya pili kabla ya kula, ukiibonyeza na kuiachia, ukiinong'oneza. Kisha ukaanza kupiga bila kuigusa. Do, re, fa, sol, hizo ulikuwa unaziruka-ruka kama mbuzi. Lakini la na si, na kila noti inayotaka kidole cha katikati, hazikutoka kwako ila karatasi ikikulazimisha. Karatasi ikiondoka, kile kidole kinanyooka juu kama cha mtu anayeogopa kuungua.

Maître alikuuliza mbele ya wote, "Ansima, la yako iko wapi? Uliiuzisha Bukavu?"

Wote walicheka, na wewe ulicheka. Halafu ukasema kwa sauti ndogo, "Itanikwamia, Maître. Kama ya Mama Mudogo."

Nilikuwa nimekaa benchi la nyuma, nimeshika sweta lako. Neno moja tu lingetosha. Nilikunja sweta, nikalikunjua, nikalikunja tena.

Na mwaka huu wageni waliporudi, ulisimama ukapiga vile vitu vyako vya kuruka. Madame akabadilisha njia chini yako, ukamsikiliza, ukamjibu kwa noti mbili. Mbili tu! Akabadilisha tena, ukamjibu tena. Akamgeukia mwenzake akasema, "Huyu anapiga kama anayevuka mto kwa kukanyaga mawe." Wakakuchagua palepale. Koko alipiga vigelegele mpaka padri akatoka nje kuangalia.

Mimi nilitoka nikaenda kusimama nyuma ya ukumbi kwa hofu. Kwa sababu mawe uliyoyaruka hukuyaruka kwa kupenda. Ni mimi niliyekuambia yanateleza.

Nilijiambia huko shuleni watakufundisha, itapita yenyewe. Kisha ikaja Jumapili iliyopita. Fanfari ilikuaga baada ya misa, Maître akachagua wimbo ambao solo yake inaanza na la. Nadhani alifanya kusudi. Muziki ukaja, ukafika pale, wote wakakugeukia. Ukainua tarumbeta. Ukaishusha. Ukaangalia kidole chako cha katikati ukasema, "Imekwama."

Ilikuwa sauti yangu. Shingo ilikuwa yangu, imeinama upande uleule. Na asubuhi ile nilikuwa nimeisafisha mimi mwenyewe, Ansima, na ilikuwa inateleza kama samaki.

Jana ulipokuwa unapanga nguo ulimuuliza Koko, "Na ikinikwamia mbele yao, watanirudisha?" Koko akasema, "Yesu hatakubali." Lakini walishatueleza: muhula wa kwanza ni wa kujaribiwa. Mwisho wake kila mtoto mpya anasimama peke yake mbele ya shule nzima, muziki unafika pahali, wanamgeukia. Asiyesema kitu anarudishwa kwao. Naona siku hiyo kila nikifumba macho. Nakuona umesimama, nakuona ukiangalia kidole chako. Nalisikia neno hilo likitoka.

Kuna jambo jingine, na hili ni baya kuliko la kwanza. Naandika haraka kabla sijabadili nia. Sehemu moja yangu inataka liende hivyo. Nimewaza basi likirudi kutoka msituni, wewe umekaa karibu na dirisha na tarumbeta magotini, na mimi nakupokea stendi, na mambo yanakuwa kama zamani. Nimewaza hayo nikasikia raha, kisha nikajiogopa. Nimemaliza shule na sijui nitafanya nini. Nyumba hii bila wewe sijawahi kukaa ndani yake nikiwa mtu mzima. Ningekaa kimya leo, huenda ungerudi. Ningekuwa nimekurudisha mimi, na ungeniita Mama Mudogo, na ungenilalia begani ukilia, kwa mara ya pili, kwa ajili ya kitu ambacho hakikuwepo.

Kwa hiyo naandika.

Sina mafundisho, mwanangu. Naweza tu kukuambia kilichotokea juzi. Ulipokwenda kurudisha vitabu shuleni nilichukua tarumbeta nikaingia kwenye migomba nyuma ya nyumba. Nilijiambia: nitapiga la, na sitajua kinachofuata. Nilisimama muda mrefu. Nilikuwa naogopa migomba, Ansima! Kisha nikabonyeza, la na si, kidole cha katikati kikiwa chini, nikapuliza.

Ilitoka vibaya. Mke wa jirani alipaza sauti kutoka kwake, "Ni nani eko nachinja mbuzi saa hii?"

Zamani ningekimbilia ndani. Lakini sauti yake ilishuka mwishoni, unajua anavyovuta maneno, na mimi bila kuwaza nikaipiga. Nilimjibu kwa tarumbeta, mshuko uleule: chinja-mbuzi-saa-hii. Halafu nikamsikia akicheka peke yake, akasema kitu kingine, nami nikajibu hicho pia. Sikumbuki nilipiga nini. Ni mara ya kwanza maishani mwangu sikumbuki.

Niliogopa toka mwanzo mpaka mwisho. Maître husema uoga unaondoka ukizoea. Mimi sijauona ukiondoka. Uoga ulisimama nami palepale kwenye migomba. Ila noti zilipita hata hivyo. Sikujua kwamba zinaweza kupita na woga ukiwa bado umekaa mlangoni. Laiti ningalijua nikiwa na miaka kumi na sita, pale Madame alipokuwa anangoja.

Na ukikosea, kama Tonton, wakacheka, usiniige. Usiangalie kidole. Watazame wao. Mara nyingi watu wanaonyamaza mbele yako wanakungoja tu.

Siogopi utaniacha kwa kwenda. Naogopa utaisoma barua hii ukiwa mbali, usiku, katika chumba cha watu usiowajua, na utaona kwamba yule aliyekubeba mgongoni ndiye aliyekufunga kidole. Utanikasirikia na sitakuwepo nikuone ukinikasirikia. Kasirika. Niandikie maneno makali ukitaka. Nitayasoma yote, na safari hii sitatazama ziwa.

Nawasikia. Mnashuka njiani, Koko anamsimulia mtu kwa sauti kuhusu pistoni, nawe unapiga mluzi kumpita. Subiri, nisikilize.

Ansima, ni ule wimbo wa Jumapili. Unaupiga wote, na solo, ile ambayo hukuipiga. La imo. Unaipitia mbio, unairudia, unaichezea, hujui hata kwamba unafanya hivyo. Mdomoni mwako hakuna pistoni, ndiyo maana.

Nakunja karatasi sasa. Nitaiweka ndani ya kasha la tarumbeta, chini ya kile kitambaa cha njano, mahali ambapo hutatazama mpaka ufike na utake kuipaka pistoni mafuta. Usiipake. Haihitaji.

Na nakuomba jambo hili ulitunze. Usimwambie Koko, ana rozari yake. Usimwambie Maître, hata akikuuliza. Litunze mpaka siku watakapokugeukia mbele ya shule nzima nawe ukashusha kidole cha katikati. Baada ya noti hiyo, mwambie unayemtaka.

Mama yako mdogo,
Odette